Kibarua naye ana haki ya kivuli

NDUGU wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya jua. Najua wapo watakaosema kwamba huyu bwana ameishiwa na maneno, maana jua lipo tangu enzi za mababu na hakuna aliyewahi kulifungulia mashitaka. Naomba mnivumilie. Jua ninalotaka kulizungumzia ni lile la saa saba mchana, linalompiga mtu aliyeinama katika shamba ambalo si lake, kwa ujira aliopangiwa na mtu aliyekaa kivulini. Na mtu huyo aliyekaa kivulini, kwa bahati mbaya, nilikuwa mimi.

Kama wafanyakazi wengi wa mjini Shinyanga, mimi nami nina shamba kijijini. Ni heka tatu tu, moja ya mpunga na mbili za mahindi, mwendo wa saa moja hivi kwa basi kutoka ofisini kwangu. Shamba hilo silimi kwa mikono yangu. Nalima kwa simu. Mvua ikinyesha nampigia mpwa wangu, yeye anatafuta vibarua, wanapatana bei ya ngwe, nami natuma fedha kwa simu hiyo hiyo. Wakati wa mavuno naenda kuhesabu magunia. Bila shaka wasikilizaji wengi mnaonielewa ni wale mnaolima kilimo cha namna hii.

Januari 2025 nilipata nafasi ya kwenda kuangalia palizi. Nilifika yapata saa saba mchana. Nikaona watu wamekusanyika upande mmoja wa shamba, nikadhani wameua nyoka. Kumbe amelala mama mmoja, umri wake miaka thelathini na kitu, macho yamegeuka, anasema maneno yasiyoeleweka. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria. Mmoja alisema ni malaria imempanda kichwani. Mwingine akasema ni mambo ya mizimu, akatafutwe mganga. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake ndiye aliyetuokoa. Alisema kwa ukali: "Mnamwangalia nini? Mtoeni juani, mmwagieni maji!"

Hapo ndipo nilipojua mambo mawili juu ya shamba langu mwenyewe. La kwanza, hapakuwa na mti. Mti wa karibu ulikuwa mwembe wa jirani, tukambeba mpaka huko, hatua kama mia tatu. La pili, hapakuwa na maji. Dumu la lita tano walilokuja nalo asubuhi, watu saba, lilikuwa limekwisha tangu saa nne. Tulichota maji ya jaruba kwa kofia yangu, tukammwagia kichwani na kifuani, mwingine akampepea kwa kanga.

Wakati tunangoja bodaboda ya kumpeleka zahanati, mpwa wangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, ngwe yake hajaimaliza. Nimlipe nusu?"

Ndugu wasikilizaji, sitaki kujifanya mtu mwema mbele yenu. Kwa muda wa kama nusu dakika nilikuwa napiga hesabu. Nilikuwa natazama ngwe ile, naona imebaki kama theluthi, natafuta bei ya theluthi mbili. Mtu amelala chini ya mwembe hajitambui, nami napiga hesabu ya theluthi mbili. Nikaona haya, nikamwambia mpwa wangu amlipe yote. Lakini ile nusu dakika ndiyo iliyonifanya niandike mazungumzo ya leo.

Kule zahanati walimpima malaria kwa kipimo cha haraka. Hakuwa nayo. Muuguzi alisema ni jua na upungufu wa maji, akamwekea dripu, na baada ya siku mbili mama yule alirudi nyumbani. Mshukuruni Mungu pamoja nami. Lakini jiulizeni: kabla ya vipimo hivyo kufika vijijini, ni wangapi walioangushwa na jua wakaandikwa malaria? Kichwa kuuma, mwili kuwa moto, kutapika, kuweweseka: dalili ni zile zile. Ndiyo maana mtu akikuambia kwamba jua haliui wakulima Usukumani kwa sababu hajawahi kuona cheti kilichoandikwa hivyo, usiharakishe kumwamini.

Hebu tuone jua linafanyaje kazi yake. Mwili wa binadamu hutaka kubaki katika joto la nyuzi 37 hivi. Mtu anapolima, misuli yake hutoa joto lake yenyewe, kama injini ya lori linalopanda mlima. Sehemu kubwa ya nguvu tunayotumia kuinua jembe haiendi kwenye jembe, hugeuka kuwa joto ndani ya mwili. Joto hilo lazima litoke, na njia kubwa ya kulitoa ni jasho. Lakini jasho halipoozi mwili kwa kutoka tu, hupooza kwa kukauka. Likidondoka bila kukauka, umepoteza maji bure.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani mwezi wa hatari ni Oktoba, jua linapowaka kabla ya mvua. Ni kweli Oktoba ni kali, lakini hewa yake ni kavu na jasho hukauka upesi. Januari mvua imenyesha, majaruba yamejaa, mahindi yamefika kifuani na upepo haupiti. Kipimajoto kinaweza kuonyesha nyuzi chache kuliko za Oktoba, na bado mwili ukashindwa kupoa. Ndiyo maana wataalamu wa afya kazini hawaridhiki na kipimajoto cha kawaida. Wanatumia kipimo kinachochanganya joto la hewa, unyevu, mwako wa jua na upepo.

Mwili ukishindwa kupoa, kwanza misuli hukakamaa, kichwa huuma, kizunguzungu huja na kichefuchefu. Mkojo huwa mchache na wa rangi nzito. Mtu akiendelea, joto la mwili hupanda hadi nyuzi 40 na zaidi, huanza kuchanganyikiwa, na hapo ubongo, figo na ini vimo hatarini. Hatua hiyo ni ya dakika, si ya saa. Mtoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea, huku usafiri ukitafutwa. Kama hajitambui usimnyweshe kitu, atapaliwa.

Sasa narudi kwa yule mama. Baada ya wiki mbili nilikwenda kumjulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza swali ambalo leo naliona la kijinga. Nilimwambia: "Mama, kwa nini ulilima mpaka saa saba? Kwa nini hukuanza alfajiri, ukapumzika jua likipanda?"

Alinitazama kwa heshima, akasema: "Baba, jua nalijua. Alfajiri nilikuwa kwangu. Kwangu nisipopalilia, mwakani nitakuja kwako tena kuomba kibarua."

Ndugu wasikilizaji, jibu hilo limenikaa moyoni. Alikwisha kulima saa nne katika shamba lake kabla hajaingia katika shamba langu. Saa za baridi alizitoa kwa watoto wake. Saa za moto ndizo alizoniuzia mimi. Na angefanya kinyume chake, akanipa mimi alfajiri, basi jua lingempiga shambani kwake. Kila ngwe anayolima kwa ajili ya mtu mwingine inamsukuma saa fulani ndani ya jua.

Tena hakuna aliyemwamuru. Wala mimi wala mpwa wangu hatukumwambia fanya kazi mchana. Tulimwambia tu: ngwe moja, bei hii, ukimaliza unalipwa. Malipo ya ngwe hayamwoni msimamizi wala hayana haja naye. Njaa ndiyo inayosimamia. Ukipumzika chini ya mti hulipwi. Ukienda kutafuta maji hulipwi. Mwenye shamba anajiona hana hatia kwa sababu hakushika fimbo.

Na mvua nazo zimebadilika. Wazee wa Shinyanga watakuambia kwamba zamani ungeweza kukisia wiki ya kupanda. Siku hizi mvua huchelewa, huja kwa kishindo, hukatika. Pamba ya kanda hii hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Ukikosa muda huo umekosa. Kwa hiyo mvua ikishuka kila mtu anataka vibarua wiki ile ile, na magugu yakiota kila mtu anataka palizi wiki ile ile. Kazi ya mwezi inasukumwa ndani ya siku kumi, na siku kumi hizo hazina mchana wa kupumzika.

Jambo jingine ni dhahabu. Kutoka Kahama hadi Geita, kijana mwenye nguvu akisikia kuna mashimo mapya anatupa jembe. Simlaumu. Lakini wanaobaki kupalilia ni akina nani? Ni akina mama, wengine wakiwa wajawazito, ni wazee, na ni watoto wa shule siku za likizo. Yaani wale ambao miili yao inalihimili joto kwa shida ndio tunaowaachia jua.

Niseme kidogo juu ya wajawazito. Mwaka 2022 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanyika Gambia, ambapo wajawazito 92 wanaolima mashamba yao walifuatiliwa wakiwa kazini. Watafiti waligundua kwamba kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto lililompata mama, uwezekano wa mtoto tumboni kuonyesha dalili za kutaabika uliongezeka kwa asilimia 17. Wale ni wanawake wakulima wa Kiafrika waliozoea jua tangu utotoni. Kwa hiyo ule usemi kwamba mtu wetu amezoea, tuutumie kwa uangalifu.

Mazoea yapo, sikatai. Mwili hujifunza joto, lakini huchukua wiki moja hadi mbili, na mazoea hayo hupotea ukikaa muda bila kufanya kazi juani. Kwa sababu hiyo siku za kwanza ndizo za hatari zaidi. Kijana aliyetoka bwenini juzi, au mtu aliyeugua mwezi mzima, ukimpa ngwe nzima siku ya kwanza unamtafutia balaa. Wataalamu hushauri mgeni asikae kazini juani siku ya kwanza zaidi ya sehemu moja ya tano ya muda wa kawaida, kisha aongezewe kidogo kidogo. Hata kwa aliyezoea kuna mpaka. Mazoea hayafanyi jasho likauke mahali ambapo hewa imejaa unyevu.

Tatizo hili si la Shinyanga peke yake. Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa zake za mwaka 2024, lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 duniani hupatwa na joto la kupita kiasi kazini. Kwa Afrika ni karibu watu 93 katika kila wafanyakazi 100, na hakuna bara linalotuzidi. Shirika hilo lilikadiria pia kwamba karibu watu 19,000 hufa kila mwaka kwa joto la kazini. Mwaka huo huo wa 2024 ulikuwa wa joto kuliko mwaka wowote tangu dunia ianze kupimwa joto lake.

Nchi nyingine zimejifunza kwa machozi. Kule Nicaragua na El Salvador vijana wakata miwa walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa figo, na wengi wao hawakuwa na kisukari. Walikuwa wakikata miwa juani, wakilipwa kwa uzito, wakinywa maji kidogo. Baadaye ulianzishwa utaratibu wa maji, mapumziko na kivuli, na watafiti wakakuta kwamba pale mapumziko yalipoongezwa madhara ya figo yalipungua. Jimbo la California huko Marekani liliweka kanuni mwaka 2005 baada ya wafanyakazi wa mashamba kufa. Kwa kanuni za jimbo hilo, joto likizidi nyuzi 27 mwenye shamba lazima awe na kivuli, na kila mfanyakazi awe na maji yapatayo lita moja kwa kila saa ya kazi. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, kazi za nje zimepigwa marufuku kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Na hapa kwetu je? Hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi wake, na upo Wakala wa kuisimamia, OSHA. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano kwa siku apate mapumziko ya saa moja. Ni sheria nzuri. Lakini nani ataisoma shambani kwangu? Yule mama hana mkataba, hana kitambulisho cha kazi, na mwajiri wake hubadilika kila siku mbili. Leo ni mimi, kesho ni mwalimu, keshokutwa ni mwenye duka. Mkaguzi wa kazi akimtafuta mwajiri wake atakuta mashamba tu.

Nenda Geita uone tofauti. Ndani ya uzio wa mgodi mkubwa kuna maofisa wa usalama, kuna maji ya kunywa, na malori makubwa yana viyoyozi. Hata hivyo joto la migodini linachunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Kitanzania walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika mgodi mmoja wa dhahabu mkoani Mara, ambako walipima joto la sehemu za kazi, na wafanyakazi wengi walieleza dalili za kuathiriwa nalo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: pima, uliza, rekebisha. Lakini nje ya uzio, jua likiwa lile lile, mama anapalilia mihogo na mananasi, na hakuna aliyekuja kupima chochote. Dhahabu ina mlinzi, chakula hakina.

Wapo watakaoniambia kwamba mgodi una fedha, na mwenye heka tatu hana. Kweli kabisa. Wengi wa wanaoajiri vibarua ni maskini wenzao. Sisemi kila mwenye shamba ajenge kibanda cha bati na kuajiri muuguzi. Nasema tuanze na vitu ambavyo hata maskini anavimudu, na vya kwanza ni maji, kivuli na saa.

Juu ya kivuli, mkoa huu una historia ya kujivunia. Miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilianza kufyekwa ili kufukuza mbung'o. Baadaye ilifyekwa kwa ajili ya pamba, mifugo na kuni. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji, na ngitili zao, yaani maeneo ya malisho na miti waliyoyahifadhi kwa kiangazi, zikaachwa. Ilipofika miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Ndipo mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouzoea kwa jina la HASHI. Mradi ule haukuwafundisha Wasukuma kitu kigeni. Uliwarudishia ngitili zao. Mwaka huo ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600. Ulipofika mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Nani alizilinda? Si askari wa misitu peke yao. Ni mikutano ya wananchi, dagashida, iliyopitisha sheria ndogo na kumtoza faini aliyeingiza ng'ombe au shoka. Na Sungusungu, waliozaliwa katika mikoa yetu hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, walisaidia kusimamia. Watu walewale walioambiwa wanaishi jangwani walikaa chini, wakapatana, na miti ikarudi.

Basi swali langu ni hili. Watu walioweza kupatana juu ya ng'ombe na miti, wanashindwaje kupatana juu ya saa? Kwa nini kijiji kisipitishe kwamba katika miezi ya palizi na ya kuandaa mashamba, kibarua cha kulipwa kinasimama saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri? Mwenye shamba mmoja akisimamisha kazi peke yake, vibarua watahamia kwa jirani anayewaruhusu kulima mchana, maana wanataka fedha. Lakini kijiji kizima kikisimama, hakuna anayempunja mwenzake.

Ila tahadhari moja. Tukikata saa bila kugusa bei, tutakuwa tumemkata kibarua mkono. Ngwe iliyokuwa inakwisha kwa siku moja itakwisha kwa siku mbili. Kama bei ni ileile, tumemlinda na jua ili afe kwa njaa. Kwa hiyo mapatano ya saa lazima yaende pamoja na mapatano ya ngwe: ipunguzwe ukubwa, bei ibaki. Hapo ndipo kinywa cha mwenye shamba kinapokauka, changu kikiwemo.

Nimejaribu msimu uliofuata, na nitawaeleza ukweli. Ngwe za shamba langu zimepunguzwa kwa theluthi na bei haikushuka. Kazi huanza alfajiri na husimama saa tano. Kuna madumu mawili ya lita ishirini ya maji ya kunywa, na mpwa wangu anahakikisha kila mtu anakunywa kikombe kila baada ya robo saa au dakika ishirini, hata kama hana kiu, maana kiu huchelewa. Tumefunga turubai katika nguzo nne. Nimepanda pia miembe minne mpakani, ingawa najua kivuli chake ni cha miaka ijayo. Palizi iliyokuwa ikichukua siku tatu ilichukua siku tano. Upande mmoja wa mahindi magugu yalitutangulia, nikapoteza magunia. Gharama ilipanda. Sitawadanganya kwamba mambo haya ni ya bure.

Lakini nimeona pia kwamba anayelima alfajiri analima vizuri zaidi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya hali ya hewa na ya afya, katika taarifa yao ya Agosti 2025, yalieleza kwamba kwa kile kipimo kinachochanganya joto na unyevu, kila nyuzi moja juu ya 20 hupunguza kazi ya mtu kwa asilimia mbili hadi tatu. Kwa hiyo ile kazi ya saa saba mchana tunayodhani tunaipata, sehemu yake ni kulikokota jembe tu.

Na lile tatizo la yule mama, kwamba alfajiri ana shamba lake? Hilo sijalimaliza. Tulipatana naye kwamba aje kwangu siku tatu kwa wiki na siku nyingine awe kwake, asiunganishe mashamba mawili kwa siku moja. Amekubali, kwa sababu ngwe ndogo inampa ujira uleule. Lakini ni mtu mmoja katika shamba moja.

Nawaomba viongozi wa vijiji walipeleke jambo hili katika mikutano yao kabla ya msimu ujao. Nawaomba viongozi wa vyama vya ushirika vya msingi, ambao wanatufahamu wenye mashamba kwa majina na kwa kilo za pamba, waweke maji na turubai katika mambo wanayotuuliza wakati wa kugawa pembejeo. OSHA iangalie namna ya kumfikia kibarua wa siku moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa, inayotutangazia mvua za msimu, itutangazie na saa za joto la hatari, nasi wa redio tuzisome saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajatoka na jembe. Hilo la mwisho ni deni letu sisi watangazaji, maana kila siku tunatangaza bei ya pamba wala hatusemi neno juu ya jua linaloipalilia.

Lakini kwanza nazungumza na wewe mwenzangu wa mjini, unayelima kwa simu. Ukipiga simu wiki hii kuuliza kama palizi imekwisha, uliza maswali matatu zaidi: Wamesimama saa ngapi? Wamekunywa maji gani? Wamekaa wapi walipopumzika? Kama anayepokea simu hana majibu, panda basi uende ukaone mwenyewe. Ufike saa saba mchana, kama nilivyofika mimi, na uache kofia nyumbani.

Kwa leo nakomea hapa. Tukijaliwa tutaonana wiki ijayo.